HESABU YA BARAFU: KUTOKA KIBO HADI BAHARI ZA NCHA ZA DUNIA

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

  Keti na wenzako wa kikundi, wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, wala haimshindi mtu yeyote auzaye ndizi sokoni.

Juma lililopita mzee mmoja wa kikundi cha hapa Themi alinijia na swali. Alisema: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba barafu ya Kibo itakwisha ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo umepita. Juzi asubuhi mawingu yalipofunguka niliiona, inang'aa. Sasa hao wataalamu wanaosema kwamba barafu ya bahari ya kaskazini nayo itakwisha, tuwaamini kwa lipi?"

Sikumjibu palepale. Kwanza, swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu la kusimama njiani. Pili, niliona haya. Ni kweli kwamba nilipoanza kazi ya kufundisha niliandika ubaoni "2015 hadi 2020", nikawataka watu wainakili, bila kuwaeleza jinsi miaka hiyo ilivyopatikana. Somo la leo ni deni langu kwa mzee huyo. Nitawasimulia jinsi watu walivyojifunza kuihesabu barafu, kwanza katika mlima wetu, kisha katika bahari za mbali. Na mahali walipokosea nitapataja pia.

1. ALIYEONA NA ALIYEKATAA

Tarehe 11 Mei mwaka 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri. Asubuhi ile Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Kiongozi wake hakutumia jina la theluji. Alikiita baridi, basi. Rebmann akaelewa kwamba ameona theluji, naye akaandika hivyo.

Habari yake ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, wapo walioikataa kabisa. Aliyeikataa kwa nguvu kuliko wote ni William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia wa London, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo. Kwa wenye shaka hoja ilikuwa rahisi: mlima uko karibu na ikweta, jua la huko ni kali, basi theluji itatoka wapi?

Ubishi huo uliendelea miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alikwenda kuupima mlima pamoja na Mwingereza Richard Thornton. Mwaka 1862 alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda kupita mita 4,000, na huko theluji ikawaangukia. Watu wengi wenye elimu wakaridhika.

Wenye shaka walikosea wapi? Walisahau kimo. Sasa shikeni kalamu. Kwa wastani, kila upandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kama nyuzi 6. Mji wa Moshi uko kwenye kimo kipatacho mita 900, na joto lake la wastani ni kama nyuzi 24. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Basi kutoka Moshi hadi kileleni ni kupanda mita 5,000 hivi. Mara tano sita ni 30. Toa 30 katika 24, utapata nyuzi 6 chini ya kuganda.

Vipimo vilivyowekwa juu ya Kibo tangu mwaka 2000 vimeonyesha kwamba joto la wastani kule ni kama nyuzi 7 chini ya kuganda. Tazameni tulivyokaribia, nasi tumekaa kitako hapa Themi! Hesabu ya namna hii, inayochukua kanuni ijulikanayo na kuitumia kueleza mahali ambapo hatupo, ndiyo wataalamu waiitayo modeli. Modeli kubwa za hali ya hewa duniani zina kanuni nyingi kuliko hii yetu, lakini ni za ukoo huo huo. Na tumeshajifunza sharti lake la kwanza: ukisahau jambo moja kubwa, kama kimo, hesabu yako itakupeleka pabaya hata ukiwa msomi wa London.

2. RAMANI YA MWAKA 1912 NA MSTARI ULIONYOOKA

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mwaka 1889. Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu imekwisha kurudi nyuma. Basi habari ya barafu ya Kibo kupungua si habari ya jana.

Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha kwa ufundi wa upimaji, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani nzuri ya barafu yake. Ramani hiyo ndiyo shahidi wetu mkubwa. Wataalamu waliolinganisha ramani hiyo na picha za setilaiti wamepata hivi: mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 11.4, mwaka 2011 ilikuwa imebaki kama 1.8 tu. Maana yake, katika kila sehemu 100 zilizokuwapo, sehemu kama 85 zilikuwa zimetoweka.

Haya, tufanye kama nilivyofanya mimi zamani. Toa 1.8 katika 11.4, utapata 9.6. Gawanya kwa miaka 99. Kila mwaka mlima ulipoteza karibu kilomita ya mraba 0.097. Gawanya 1.8 iliyobaki kwa 0.097: ni miaka 18 na nusu hivi. Ukijumlisha na 2011 unafika mwaka 2029 au 2030. Basi tutangaze kwamba barafu itakwisha mwaka huo?

Polepole! Mfikirie mtu mwenye shamba la mraba, kila upande mita 100, na kila mwaka mmomonyoko unakula mita moja kutoka kila upande. Mwaka wa kwanza upande unakuwa mita 98. Mia mara mia ni 10,000. 98 mara 98 ni 9,604. Amepoteza mita za mraba 396. Sasa ruka mbele hadi siku ambayo shamba limebaki na mita 20 kila upande. Mmomonyoko ni ule ule, mita moja kila upande. Ishirini mara ishirini ni 400. 18 mara 18 ni 324. Mwaka huo amepoteza 76 tu. Hasara imepungua, lakini mmomonyoko haukupungua, wala shamba halikupona. Mstari ulionyooka haulijui jambo hilo.

Barafu ya uwanda wa juu wa Kibo inafanana na shamba hilo, maana ina kuta zilizosimama wima, na kuta hizo ndizo zinazoliwa na jua mwaka hadi mwaka. Barafu ya mitelemko ina tabia nyingine. Hata miaka yenyewe haifanani, kwa kuwa mvua nzuri ikija, theluji hufunika yote.

Sasa niseme juu ya mwaka 2020. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na wenzake, walitoboa barafu ya Kibo mahali sita na kutoa nguzo ndefu za barafu, ndefu kuliko zote ikiwa na mita kama 50. Walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka zaidi ya 11,000. Katika makala yao ya mwaka 2002 waliandika kwamba, ikiwa hali iliyokuwapo itaendelea, barafu yaelekea kutoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Walikuwa wameuendeleza mbele mwendo wa kupungua ulioonekana katika ramani za nyuma, kama tulivyofanya sisi sasa hivi.

Neno "ikiwa" lilikuwapo. Lakini habari ilipotoka kwenye makala kwenda magazetini, na kutoka magazetini kuja ubaoni kwangu, neno hilo lilipotea njiani. Waliokuja baadaye, wakaigawa barafu kwa aina zake na kuipima upya, waliandika mwaka 2013 kwamba si rahisi barafu yoyote ionekane Kibo baada ya mwaka 2060. Tena mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatazamiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Mwaona kwamba tarehe zinatofautiana. Mwendo wenyewe haubishaniwi na yeyote aliyepima.

3. DAFTARI LA MAPATO NA MATUMIZI

Kama mstari ulionyooka hautoshi, twahitaji nini? Twahitaji kujua sababu. Mwenye duka hatabiri hali ya duka lake kwa kutazama pesa zilizobaki tu. Hufungua daftari akaona zilizoingia na zilizotoka.

Mapato ya barafu ya Kibo ni theluji, inayoanguka hasa wakati wa masika na wa vuli. Matumizi yake ni mawili. Barafu huyeyuka ikawa maji, au hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kama kitambaa kilichoganda kinavyoweza kukauka katika baridi kavu. Tangu Februari mwaka 2000 mashine ya kupima hali ya hewa ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kazi iliyosimamiwa na Douglas Hardy, imewekwa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo. Wataalamu wa Innsbruck, Austria, Georg Kaser na Thomas Mölg, nao waliingia kazini, wakaandika daftari kamili: mwanga wa jua unaoingia, mwanga unaorudishwa, joto la hewa, upepo, unyevu na theluji.

Daftari hilo lilileta mambo mawili ambayo mimi sikuyatazamia.

La kwanza ni bei. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kwahitaji joto zaidi ya mara nane ya lile la kuiyeyusha tu. Kwa hiyo kama hewa ni kavu na barafu inatoka kwa njia ya mvuke, joto lile lile huondoa barafu kidogo. Hewa ikiwa na unyevu na barafu ikaanza kuyeyuka, joto lile lile huondoa nyingi.

La pili ni rangi. Theluji mpya hurudisha mwanga sehemu 80 na zaidi katika kila 100. Ni kama kanzu nyeupe juani. Barafu kuukuu iliyochafuka kwa vumbi hurudisha pungufu ya nusu. Mwanga uliobaki huingia ndani na kuwa joto. Basi mvua za masika zikikosekana, Kibo hupata hasara mara mbili. Theluji haikuingia, na kanzu imevuliwa, hivyo matumizi nayo yanaongezeka.

Kwa daftari hilo wakaweza kueleza yaliyopita. Katika miaka ya karibu na 1880 hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ilibadilika ikawa kavu zaidi, na maji ya Ziwa Victoria yalishuka baada ya hapo. Kibo alianza kukosa mapato yake. Hewa ya kileleni imebaki chini ya kuganda, hata hivyo barafu ikapungua, kwa kuwa jua liliikuta bila kanzu. Nayo mvua yetu hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi, na bahari hiyo imekuwa ikipata joto pamoja na dunia nzima. Kwa hiyo mtu akisema "ni joto tu" hakumaliza habari, na akisema "ni ukavu tu, joto la dunia halimo" naye hakumaliza.

4. DAFTARI LA BAHARINI

Sasa tuondoke mlimani twende kwenye bahari za ncha mbili za dunia. Kaskazini kuna bahari iliyozungukwa na nchi. Kusini kuna nchi iliyozungukwa na bahari. Huko usiku wa majira ya baridi hudumu miezi, na maji ya bahari yenyewe huganda. Wakati wa kiangazi sehemu ya barafu hiyo huyeyuka. Kila mwaka huongezeka na kupungua, na kazi ya modeli ni kuhesabu kiasi gani.

Daftari ni lile lile la Kibo: theluji, jua, rangi, joto. Lakini yaongezwa mambo matatu ambayo mlima hauna.

Jambo la kwanza ni chumvi. Maji ya bahari huganda yakifikia karibu nyuzi 1.8 chini ya pale maji ya kisima yanapoganda. Yanapoganda husukuma chumvi nje. Nyingine hubaki ndani ya barafu katika matundu madogo ya maji makali ya chumvi.

Jambo la pili ni joto litokalo chini. Barafu ya bahari hukua kwa upande wa chini, na ili ikue, joto la maji lazima lipite katika barafu yenyewe litoke hewani. Barafu ikiwa nene huwa kama blanketi, hivyo hukua polepole. Aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Josef Stefan wa Vienna. Mwaka 1891 alitumia vipimo vilivyoletwa na wasafiri wa bahari ya kaskazini, akaonyesha kwamba, baridi ikiwa ile ile, kuuongeza unene mara mbili kwahitaji muda mara nne. Kama sentimita 20 zilichukua siku 10 tangu mwanzo, sentimita 40 zitachukua siku 40. Theluji ikianguka juu yake ni blanketi la pili. Angalieni maajabu haya: juu ya Kibo theluji huilinda barafu na jua, juu ya bahari, gizani, theluji huizuia barafu isikue. Kitu ni kile kile, nacho huandikwa upande tofauti wa daftari kwa kadiri ya majira.

Jambo la tatu ni upepo. Kati ya mwaka 1893 na 1896 Mnorwe Fridtjof Nansen aliiacha meli yake, Fram, ishikwe na barafu makusudi, ikachukuliwa nayo kuvuka bahari ya kaskazini. Aliona kwamba barafu haitulii. Hutembea, tena haifuati upepo sawasawa, bali huelekea upande wa kuume wa upepo, kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Ikigongana hupandana na kuwa vilima. Ikiachana hufungua mifereji ya maji, na maji hayo huganda upya upesi kwa kuwa hayana blanketi.

Mwaka 1971 Gary Maykut na Norbert Untersteiner walitoa modeli ya kompyuta iliyofuata barafu tabaka kwa tabaka mwaka mzima, pamoja na chumvi yake na theluji yake. Mwaka 1976 Albert Semtner aliifupisha ili iweze kuingizwa katika modeli za dunia nzima. Mwaka 1979 William Hibler akaongeza mwendo wa barafu na kupandana kwake. Hata leo modeli nyingi zimejengwa juu ya misingi hiyo.

Na zinafanyaje kazi? Chukueni ramani ya dunia, ichoreni miraba kama daftari la hesabu la mtoto wa shule. Katika kila mraba kompyuta huandika: hapa maji ni sehemu ngapi, barafu nyembamba sehemu ngapi, barafu nene sehemu ngapi, na theluji juu yake kiasi gani. Kisha huuliza: katika saa moja ijayo jua litaleta joto gani, hewa itachukua kiasi gani, bahari itapandisha kiasi gani, upepo utasukuma barafu kwenda mraba gani? Hujumlisha, hutoa, huandika upya. Halafu saa nyingine, na nyingine, hadi miaka mia ipite. Mtu mmoja mwenye kalamu angezeeka kabla ya kumaliza siku moja ya hesabu hiyo.

Mwaka 1980 Syukuro Manabe na Ronald Stouffer, waliokuwa Princeton, Marekani, walitumia modeli yenye barafu rahisi kuuliza: hewa ya ukaa ikizidi mara nne, joto litaongezeka wapi zaidi? Modeli ikajibu: bahari ya kaskazini, hasa wakati wa baridi. Sababu moja kubwa ni ile rangi tuliyoiona Kibo, kwa kuwa barafu yenye theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, hali maji yaliyo wazi hurudisha kama sehemu 6 au 7 tu katika 100. Joto linalomezwa na bahari wakati wa kiangazi hurudi hewani wakati wa baridi kupitia barafu nyembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu 1979 eneo hilo la kaskazini lilipata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia kwa ujumla. Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021.

5. MODELI MBELE YA SHAHIDI

Kama ramani ya 1912 ilivyokuwa shahidi wa Kibo, shahidi wa bahari za ncha ni setilaiti, ambazo zimekuwa zikiipima barafu bila kukoma tangu mwishoni mwa 1978. Modeli zilipoletwa mbele ya shahidi huyu, zilifaulu mengine na kushindwa mengine.

Mwaka 2007 Julienne Stroeve na wenzake walionyesha kwamba barafu ya kaskazini ya mwezi Septemba ilikuwa ikipungua upesi kuliko modeli karibu zote zilivyosema. Wataalamu hawakudharau hatari. Hesabu zao ziliionyesha ndogo kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2012 barafu ya Septemba ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4, ambapo mwanzoni mwa vipimo ilikuwa kama milioni 7.

Hapo baadhi ya watu wakashika rula, wakachora mstari, wakatangaza kwamba bahari ya kaskazini itakuwa bila barafu ya kiangazi kabla ya 2020. Kosa lile lile la Kibo! Mwaka 2020 ulifika, barafu ikawapo, na hadi mwaka 2024 rekodi ya 2012 ilikuwa haijavunjwa. Kumbukeni habari ya blanketi: baada ya kiangazi kibaya, barafu nyembamba hukua upesi wakati wa baridi, ikarudisha sehemu ya hasara. Modeli zenye sababu ndani yake hulijua hilo, rula hailijui.

Kusini modeli zilipata aibu nyingine. Nyingi zilionyesha barafu ikipungua, kumbe hadi mwaka 2014 iliongezeka kidogo kidogo. Kisha ikashuka ghafula, na mwaka 2023 ikawa ndogo kuliko miaka yote ya vipimo vya setilaiti. Upepo na bahari ya kusini ni vigumu kuhesabu, na kazi haijaisha.

Lakini lipo jambo ambalo modeli na shahidi wanakubaliana. Mwaka 2016 Dirk Notz na Stroeve walionyesha kwamba kila tani moja ya hewa ya ukaa itolewayo na watu huambatana na kupotea kwa barafu ya Septemba ipatayo mita za mraba 3. Hilo ni karibu eneo la kitanda cha futi 5 kwa 6. Na mwaka 2020 kundi kubwa la wataalamu lililinganisha modeli nyingi. Zilizo nyingi zilionyesha kwamba kabla ya mwaka 2050 kutakuwa na Septemba moja angalau yenye barafu pungufu ya kilomita za mraba milioni moja. Kiasi hicho ndicho wakiitacho "bila barafu".

6. TURUDI THEMI

Mzee wangu, umeuliza tuwaamini kwa lipi. Nakujibu hivi: akija mtu na tarehe tu, mwombe daftari. Mwulize mapato ni yapi, matumizi ni yapi, na shahidi wake ni nani. Akikuonyesha na mahali alipokosea, msikilize zaidi. Na mwalimu akiandika mwaka ubaoni bila neno "ikiwa", mwinulie mkono, hata akiwa mimi.

Liko na jambo la karibu yetu zaidi. Wengi hudhani kwamba mito yetu hunywa barafu, na kwamba Kibo ikiisha barafu yake maji yatakatika. Hapa hesabu ni muhimu, maana ukikosea mapato utalinda kisichokulisha. Meru haina barafu ya kudumu. Theluji huigusa mara moja moja ikaondoka. Hata hivyo Themi hutiririka. Hata mito ya Kilimanjaro hupata sehemu kubwa mno ya maji yake kutokana na mvua inyeshayo juu ya ukanda wa msitu, na sehemu ndogo tu kutokana na barafu. Themi huingia Kikuletwa, na Kikuletwa hukutana na maji mengine ya Kilimanjaro katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Basi anayekata msitu wa Meru hulidhuru bwawa hilo upesi kuliko kupungua kwa barafu ya Kibo.

Barafu ya Kibo hatuwezi kuiokoa kwa mikono yetu peke yetu, na tutahuzunika ikiondoka. Msitu twaweza. Nami nimefuta tarehe ile ubaoni. Kwaherini, wasikilizaji, hadi juma lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Waliokataa habari ya Rebmann walisahau nini? Toeni mfano mwingine wa hesabu iliyoharibika kwa kusahau jambo moja.

2. Shamba la mraba lina mita 60 kila upande, na kila mwaka linapoteza mita moja kila upande. Mwaka wa kwanza limepoteza mita za mraba ngapi? Likibaki mita 10 kila upande, mwaka huo litapoteza ngapi?

3. Kwa nini theluji ni faida kwa barafu ya Kibo, na huweza kuwa kizuizi kwa barafu ya bahari inayokua wakati wa baridi?

4. Andikeni daftari la mapato na matumizi ya maji ya kijiji au mtaa wenu. Ni pato lipi kubwa kuliko yote, na nani anayelilinda?